Presha Isipande, Isianguke: Kumtunza Mgonjwa Aliyevujiwa Damu Kuzunguka Ubongo

Mashine ikisoma 190 kwa 110 saa nane za usiku, mkono hukimbilia dawa. Ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa: presha imepanda, ishushe. Lakini kwa mgonjwa aliyevujiwa damu kuzunguka ubongo, zuia mkono huo kwa dakika chache. Mgonjwa huyu anaweza kufa kwa sababu presha iliachwa juu, na anaweza kupooza au kufa kwa sababu iliangushwa kwa pupa. Kazi yako usiku huo ni kuifanya presha itulie, na kutulia hakumaanishi kufika 120 kwa 80.

Naandika nikiwafikiria wauguzi, matabibu na madaktari wa zamu katika hospitali kama ile ya Kilutheri ya Nkoaranga, ya KKKT Dayosisi ya Meru, iliyokaa mteremkoni mwa Mlima Meru katikati ya migomba na kahawa, juu ya barabara kuu ya Arusha na Moshi. Nawafikiria pia ndugu wanaokesha nje ya wodi. Hospitali za ngazi hii hazikujengwa kwa ajili ya kufungua kichwa na kufunga mshipa uliopasuka. Kazi hiyo hufanyika mbali. Lakini saa za kwanza, ambazo ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote, mara nyingi hupita hapa hapa mlimani, mikononi mwa watu wawili watatu wa zamu. Yanayofanyika saa hizo yana uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Ugonjwa wenyewe si wa kila siku. Majirani zetu wa wilaya ya Hai, upande wa uwanja wa ndege wa KIA, walishiriki katika utafiti uliohesabu kila kiharusi kipya kati ya 2003 na 2006. Baada ya kusawazisha umri, ilionekana kwamba kwa mwaka mmoja watu takriban 109 katika kila 100,000 walipata kiharusi Hai, na takriban 316 Dar es Salaam. Damu kuzunguka ubongo ni sehemu ndogo tu ya viharusi vyote. Ila huwapata watu wenye umri mdogo kuliko kiharusi cha kawaida, wengi wao wakiwa katika miaka ya hamsini au chini yake, yaani mama na baba ambao nyumba nzima bado inawategemea.

Kinachotokea kichwani

Ubongo umefunikwa kwa tando tatu. Kati ya utando wa katikati na ule wa ndani kabisa kuna nafasi nyembamba yenye maji, na humo ndimo inamopita mishipa mikubwa ya damu. Ukiondoa ajali, karibu wagonjwa 85 kati ya 100 wanaovujiwa damu katika nafasi hii wana mshipa uliotuna. Ukuta wake ulidhoofika pahali pamoja, hasa kwenye njia panda za mishipa, ukavimba taratibu kwa miaka bila kuuma, kisha ukapasuka.

Kila aliyekulia Meru anaifahamu mifereji inayoshusha maji kutoka mlimani. Ukingo wa mfereji ukibomoka kwenye kona na mtu akauziba kwa udongo mbichi, huwezi kuyafungulia maji yote, kwa kuwa yatasukuma ule udongo na kubomoa upya. Ukiyafunga yote, mashamba ya chini yanakauka. Mshipa uliopasuka umezibwa na bonge changa la damu, na shamba la chini ni ubongo wenyewe.

Hatari ya kwanza ina jina kwenye vitabu vyote: kuvuja tena. Huwa kubwa zaidi katika saa 24 za mwanzo, na wengi wanaovuja mara ya pili hawaponi. Presha kubwa inayopanda na kushuka ovyo huchangia. Hatari ya pili inasahaulika kirahisi. Damu iliyomwagika huongeza mgandamizo ndani ya fuvu, na mgandamizo huo husukumana na damu inayotaka kuingia kwenye ubongo. Kinachoulisha ubongo ni tofauti kati ya wastani wa presha ya mwili na mgandamizo wa ndani ya fuvu. Fuvu likigandamizwa, mwili hupandisha presha makusudi ili damu ipite. Daktari Harvey Cushing alilieleza jambo hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita: presha juu, mapigo ya moyo polepole, pumzi isiyo na mpangilio. Ukiona hayo matatu kwa pamoja, presha hiyo ndiyo inayomshikilia mgonjwa. Kuishusha kwa nguvu ni kumnyang'anya.

Mtambue mapema

Anayekuja atakuambia, au ndugu watakuambia, kwamba kichwa kilimpasuka ghafla. Maumivu yalifika kileleni ndani ya sekunde au dakika moja, akiwa anakata majani ya ng'ombe, anaoga, au amekaa tu. Hajawahi kuumwa kichwa namna hiyo maishani. Mara nyingi ametapika, pengine alizimia kidogo au alitetemeka mwili mzima, shingo imekuwa ngumu, mwanga unamkera. Uliza saa kamili ilipoanza na uiandike. Uliza pia kama siku au wiki chache nyuma alipata kichwa kama hicho kikaisha, maana wapo wanaopata onyo kabla.

Huku kwetu kichwa na kutapika huitwa malaria haraka sana, na shingo ngumu huitwa homa ya uti wa mgongo. Vipimo hivyo vifanywe, lakini kipimo cha malaria kikisoma chanya kisikufumbe macho. Malaria haianzi kwa sekunde moja.

Kama ameanguka na bodaboda, huo ni ugonjwa mwingine. Kwa jeraha la kichwa hofu yetu kuu ni presha kuwa chini: kwa kijana, namba ya juu haitakiwi kushuka chini ya 110. Mwongozo huu ni wa yule ambaye hakugongwa na chochote.

Pima sawasawa kabla ya kuamini

Namba mbovu huzaa matibabu mabovu. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya uongo iliyo juu. Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba huificha. Pima mikono yote miwili mara ya kwanza, kisha utumie mmoja huohuo siku zote, na kama upande mmoja umelegea, utumie ule mzima. Mgonjwa huyu atakuwa ameinuliwa kichwa, kwa hiyo mkono uegemezwe ulingane na moyo. Mkono unaoning'inia pembeni ya kitanda huongeza namba. Ukikuta imepanda sana, pima tena baada ya dakika tano. Saa mbili za kwanza pima kila dakika 15, halafu kila nusu saa, na akishatulia kila saa.

Kila unapopima presha, pima na fahamu. Kipimo cha Glasgow, kilichotungwa mwaka 1974, hakihitaji umeme: macho, maneno, mwendo wa viungo, jumla ni 15. Tazama mboni za macho kama ziko sawa na kama zinajikunja kwa mwanga. Namba ya presha bila alama ya fahamu pembeni yake haisemi mengi. Mgonjwa wa 165 anayeongea na kukumbuka jina la mjukuu ana hali nzuri kuliko yule wa 130 aliyeanza kusinzia.

Nakuomba ujifunze pia kukokotoa wastani. Chukua namba ya juu, ongeza namba ya chini mara mbili, gawa kwa tatu. Mwenye 170 kwa 100 ana wastani wa takriban 123. Mwenye 120 kwa 60 ana 80. Mashine nyingi za kisasa huuandika pembeni kwa herufi ndogo, na ndiyo namba ambayo ubongo unaijali zaidi.

Mambo ya kufanya kabla ya dawa ya presha

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya presha hii haitoki kwenye ugonjwa wa presha. Inatoka kwenye maumivu, hofu, kichefuchefu, kibofu kilichojaa na kelele za wodi. Ukiyatuliza hayo, mara nyingi mashine itasoma 20 au 30 pungufu bila sindano yoyote ya presha.

Anza na maumivu. Parasetamoli gramu moja kila baada ya saa sita kwa mtu mzima, kwa mshipa kama ipo, na kwa mdomo pale tu ukishahakikisha anameza vizuri. Isipotosha, daktari anaweza kuagiza morfini kwa vipimo vidogo, miligramu moja au mbili kwa mshipa, huku ukiangalia pumzi na fahamu. Kuna woga wa kumpa morfini mgonjwa wa kichwa, na woga huo una maana, kwa kuwa ikizidi humsinzisha na kutuficha mabadiliko. Ila kumwacha mtu akigaagaa kwa maumivu huku presha ikiwa 200 ni kumwongezea hatari ya kuvuja tena. Daiklofenaki, ibuprofeni na aspirini ziache kabisa, maana huingilia kuganda kwa damu. Uliza kama alipewa dukani kabla ya kufika, na uandike.

Kutapika hukaza kifua na kupandisha presha kwa kishindo, kwa hiyo dawa ya kuzuia kutapika isingojee. Kisha gusa tumbo la chini. Mgonjwa aliyechanganyikiwa hasemi kwamba ana mkojo; anahangaika tu na kung'oa dripu, tunamfunga mikono, presha inazidi kupanda, na kumbe kibofu kina karibu lita nzima. Mpira wa mkojo umewahi kushusha presha kuliko dawa. Choo kigumu nacho, kuanzia siku ya pili, humfanya akaze. Mpe dawa ya kulainisha choo mapema.

Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30, shingo inyooke, isilalie upande, ili damu ishuke vizuri kutoka kichwani. Punguza taa. Kama kuna kona ya wodi isiyo karibu na mlango, mpeleke huko. Wakati wa baridi ya mwezi wa sita na wa saba mfunike, maana baridi nayo hupandisha presha, na ikiwa ana homa ishushe. Pima sukari, pima oksijeni ya damu. Usimpe maji wala uji mpaka ujaribu kumeza kwake kwa kijiko kidogo cha maji akiwa amekaa wima. Akikohoa au sauti ikilowa, asile kwa mdomo, awekewe mpira wa puani.

Dripu iwe ya maji ya chumvi ya kawaida. Usimwekee dripu ya sukari kama sukari yake haijashuka, kwa kuwa huzidisha uvimbe wa ubongo. Wala usimnyime maji kwa kudhani utapunguza uvimbe. Wagonjwa hawa hupoteza chumvi na maji kwa mkojo, na mwili ukikauka presha huanguka siku ambayo ubongo unaihitaji kuliko zote.

Baada ya yote hayo, pima tena.

Namba ya kulenga

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana juu ya namba moja, na ni vizuri ulijue hilo ili usimgombeze mwenzako wa zamu. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2012 ulipendekeza namba ya juu iwe chini ya 160. Wa Ulaya wa 2013 ulisema chini ya 180, tena ukaeleza kwamba dawa za maumivu na nimodipini zinaweza kutosha kuifikisha hapo. Na ukishusha, wastani ubaki juu ya 90. Mwongozo mpya wa Marekani wa 2023 uliacha kutaja namba maalumu, ukasisitiza kuepuka presha ya juu mno, presha ya chini, na kupanda na kushuka kwa ghafla.

Kwa wodi isiyo na mashine ya kufuatilia presha kila sekunde, mimi naona hivi: kama mshipa haujazibwa na fahamu ni nzuri, lenga namba ya juu kati ya 140 na 160, na usitishike sana nayo ikiwa 165. Ikizidi 180 baada ya kutuliza maumivu, ni wakati wa dawa. Mwenye fahamu duni mwache juu kidogo kuliko mwenzake, kwa kuwa fuvu lake huenda limegandamizwa. Aliyeishi na presha kubwa kwa miaka bila dawa naye ubongo wake umezoea juu. Na hao ni wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliofanywa Ilala na katika kijiji cha Shari huko Hai, ulionyesha kwamba kati ya watu waliokutwa na presha, chini ya mmoja kati ya watano ndio waliokuwa wakijijua. Kwa hiyo ndugu wakisema "hakuwahi kuwa na presha", huenda maana yake ni kwamba hakuwahi kupimwa.

Dawa, na zile za kuogopa

Tafuta dawa inayoingia kwa mshipa, inayofanya kazi upesi na kuisha upesi. Labetaloli inafaa: miligramu 10 hadi 20 polepole kwa dakika mbili, subiri dakika kumi, pima, kisha amua kama unarudia. Usiitumie kwa mwenye pumu au mwenye mapigo ya moyo yaliyo polepole. Hospitali kubwa zina nikadipini ya kudondosha kwa mashine.

Kabati la wodi nyingi lina hidralazini, ile ya kifafa cha mimba. Inaweza kutumika pale ambapo hakuna nyingine, lakini iheshimu. Huchelewa kuanza, dakika kumi hadi ishirini, na anayeona haijashuka huongeza sindano ya pili. Zote mbili zikianza kazi pamoja, presha inaporomoka hadi 90 na hakuna wa kuirudisha. Miligramu 5, polepole, kisha subiri dakika ishirini kamili kwa saa ya ukutani kabla ya kufikiria nyingine. Weka dripu ya chumvi tayari kando ya kitanda.

Nifedipini ya kupasua na kuweka chini ya ulimi ni tabia ya zamani ambayo ingepaswa kuwa imekwisha. Tangu 1996 madaktari wameonywa hadharani kwamba inaangusha presha bila breki na imesababisha viharusi na mishtuko ya moyo. Usiwape wagonjwa hawa, na ukiona mwenzako anaitafuta sindano ya kutobolea kidonge, msimamishe kwa upole.

Majina yanafanana, kwa hiyo soma mara mbili: nimodipini ni dawa nyingine. Yenyewe haipewi ili kushusha presha. Hupewa miligramu 60 kila saa nne, usiku na mchana, kwa siku 21, ili kuukinga ubongo na ukosefu wa damu unaokuja baadaye. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1989 ulionyesha kwamba hupunguza sehemu za ubongo zinazokufa kwa takriban theluthi moja. Inashusha presha kidogo kama athari yake ya pembeni. Ikishusha kupita kiasi, igawe miligramu 30 kila saa mbili badala ya kuiacha. Kwa mgonjwa asiyemeza, hupitishwa kwenye mpira wa puani, na kimiminika cha ndani ya kidonge kisidungwe kwenye mshipa kamwe, kwani kimeua watu. Usitarajie kuikuta kila duka la dawa. Watume ndugu mapema, na karatasi iliyoandikwa jina kwa herufi kubwa.

Wengine huuliza kuhusu asidi ya traneksamiki, ile ya kina mama wanaotoka damu baada ya kujifungua. Utafiti wa ULTRA wa Uholanzi, uliotoka mwaka 2021, haukuona kwamba inaboresha maisha ya wagonjwa hawa. Iache kwa kina mama.

Ukiwa huna picha ya kichwa

Hili ndilo gumu kuliko yote huku juu, na sitaki kulipitia juu juu. Bila CT huwezi kujua kwa hakika damu iko wapi, au kama ipo. Na presha tunayoitaka inatofautiana. Kiharusi cha mshipa kuziba: hatugusi presha mpaka izidi 220 kwa 120. Damu ndani ya nyama ya ubongo: tangu utafiti wa INTERACT2 wa mwaka 2013, tunalenga karibu 140 mapema. Damu kuzunguka ubongo: hayo niliyokwisha kuyasema. Kwa hiyo ukimshusha mtu hadi 140 kwa kubahatisha, na kumbe mshipa umeziba, umeua sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiponea chupuchupu.

Ushauri wangu ni huu. Kichwa cha ghafla, shingo ngumu, kutapika, hakuna upande uliolegea: mchukulie kuwa ana damu kuzunguka ubongo. Tuliza maumivu, na kama bado iko juu ya 180, ishushe kwa hatua ndogo, na katika saa ya kwanza usiondoe zaidi ya sehemu ya tano ya ulichokikuta. Kama upande mmoja umelegea au maneno hayatoki na kichwa hakiumi sana, acha dawa ya presha kabatini isipokuwa imefika 220, na ushughulikie safari.

CT ndani ya saa sita tangu kichwa kianze karibu haikosi kuiona damu hii. Kadiri siku zinavyopita damu inafifia, na picha safi ya siku ya tano haithibitishi kwamba hakuna kitu. Hapo hospitali kubwa hupima maji ya uti wa mgongo, si chini ya saa 12 tangu kuanza.

Safari ya kuteremka

Piga simu kabla gari halijawashwa. Ukifika barabara kuu, kulia ni Arusha mjini, kwenye Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru na ile ya Kilutheri ya ALMC. Kushoto ni Moshi, kwenye KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971. Uliza ni wapi leo CT inafanya kazi na ni wapi kuna daktari wa kuisoma. Kumpeleka mgonjwa huyu mahali ambapo mashine imeharibika, kisha kumgeuza, ni saa nyingi zilizopotea na mitikisiko ya bure. Kufunga mshipa wenyewe huenda kukahitaji Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa, na uamuzi huo utafanywa na hao watakaompokea. Kwako wewe, anza kuwaandaa ndugu kwa habari hiyo na kwa gharama zake mapema, ili wasije wakaambiwa kwa mara ya kwanza wakiwa wamechoka.

Masika yakiwa yameharibu barabara ya kuteremkia, mwambie dereva polepole mpaka lami. King'ora hakina kazi migombani. Mgonjwa awe ameshapewa dawa ya maumivu na ya kutapika nusu saa kabla ya kuondoka, kichwa kimeinuliwa, dripu imefungwa vizuri, mpira wa mkojo umewekwa. Muuguzi asafiri naye akiwa na mashine ya presha na dawa iliyotumika. Asiyeweza kulinda njia yake ya hewa, alama za fahamu nane kushuka chini, awe ameonwa na mtu wa dawa za usingizi kabla ya safari.

Barua ya rufaa iseme saa kichwa kilipoanza, alama za fahamu alipofika na sasa, mboni, kila presha na saa yake, kila dawa, kipimo chake na saa yake. Daktari wa KCMC akikuta "presha ilikuwa juu, amepewa dawa" hatajua kama mgonjwa aliyesinzia mbele yake amesinzia kwa morfini, kwa presha iliyoanguka, au kwa damu iliyovuja tena.

Kuanzia siku ya nne, mambo hugeuka

Wagonjwa wengine watabaki kwako, au watarudi kwako kutoka rufaa, na hapa makosa mengi hutokea kwa nia njema. Kati ya siku ya nne na ya kumi na nne damu iliyomwagika huifanya mishipa ijikunje, na sehemu za ubongo hukosa damu. Mgonjwa aliyekuwa anaongea vizuri asubuhi anaanza kuduwaa jioni, au mkono unalegea. Katika siku hizo presha kidogo ya juu ni rafiki. Kama mshipa umeshazibwa, 160 au 170 isikusumbue. Usianzishe amlodipini kwa sababu tu ni desturi ya wodi kumwanzishia kila mwenye namba kubwa. Dawa za presha alizokuwa akinywa nyumbani daktari azipitie moja moja, na nyingi zitasimamishwa kwa muda. Mpe maji ya kutosha, pima sodiamu kama maabara inaweza, na alama ya fahamu ikishuka kwa mbili, piga simu ya rufaa kabla ya kufanya jambo lingine.

Kwenu ndugu

Mnaokesha mna kazi kubwa kuliko mnavyoambiwa. Ninyi ndio mnaojua anavyoongea siku zote, kwa hiyo mabadiliko madogo mtayaona kabla ya muuguzi mwenye wagonjwa thelathini. Akianza kurudia maneno, akilala kuliko jana, akilalamika kichwa kimerudi kwa kishindo, mwiteni sista hapo hapo, hata kama mlimwita dakika kumi zilizopita.

Msimpe uji, loshoro wala maji bila kuruhusiwa. Msimpe kidonge cha presha cha shangazi, wala kitunguu saumu na dawa za miti shamba kwa siku hizi, kwa kuwa hatutajua kilichoishusha presha ni nini. Aingie mtu mmoja au wawili, sala iwe ya sauti ya chini, na habari za shamba na madeni zingoje. Na mkiona mashine inasoma 155 na hakuna anayekimbia, ulizeni, ni haki yenu. Jibu mnalostahili ni la namna hii: "Mama, kwa ugonjwa huu tunaitaka hapo. Tukiishusha zaidi, kichwa kitakosa damu."

Akirudi nyumbani, amalize siku zote 21 za nimodipini. Presha sasa inatakiwa kushuka taratibu kwa miezi, chini ya 130 kwa 80 kama daktari atakavyoona, na kadi ya kliniki isikae kabatini. Sigara iishe, gongo iishe. Uchovu, kusahau, hasira za ghafla na huzuni vitamfuata kwa muda mrefu hata kama anatembea vizuri, msimwite mvivu. Na kama katika ukoo wenu wawili au zaidi, ndugu wa tumbo moja au mzazi na mtoto, wamepata ugonjwa huu, mwambieni daktari, maana mshipa uliotuna hufuata familia na unaweza kuonekana kwa picha kabla haujapasuka. Wengine wote wa nyumba hiyo waliofika umri wa utu uzima wapimwe presha wiki hiyohiyo, siku ya kliniki, kabla ya kahawa na baada ya kupumzika dakika tano.